Mabati ya Sadaka Juu ya Nyumba ya Carreaux

Basikilizaji bapendwa, barua ya leo iko na muda mu kibweta changu. Jibu lake nilimutumia mwenyewe kwa mukono, mbele ya siku yenye alikuwa anaogopa, na leo njo ninaisoma ku redio. Majina nimeyabadilisha yote, na mutaa, na kazi ya mutu pia, donc hapana kuanza kuzunguka hapa Butembo ku Kimemi munapima kuta za majirani.

*

Mama Yolande,

Batu bengi banakuandikiaka juu ya kuomba huruma, lakini miye ninakuandikia juu huruma imenizidi, na hiyo njo shida yangu, juu jumamosi hii batu makumi ine ba shirika letu batakuya kwangu na mapiki na michanga na mabati mapya ya sadaka, eti banijengee nyumba, na nyumba niko nayo, mama, niko nayo muzuri kuliko zao zote, na hakuna mwenye anajua.

Acha nianze ku mwanzo. Miye ni Kambere, muchuuzi wa samaki, ninapandishaka samaki ya chumvi kutoka Kyavinyonge mupaka hapa Butembo, na mwaka 1998 basoda balipora camionnette yangu ku barabara ya Beni, muji wote ukasema Kambere ameisha, na sikubishe, juu niliona mutu mwenye ameisha hakuna mwenye anamufuata tena, hata batu ba taxe banamupitaka na macho ya huruma, na ukiongeza ile harufu ya samaki banapita mbio zaidi. Kumbe ciment na carreaux, vigae vya kutandika chini, nilikuwa nimeisha kuzinunua mbele ya vita hii ya pili, zilikuwa kwa shemeji yangu, chini ya magunia ya maharagi.

Nyumba yenye nilikuwa ninaota ilikuwa ya étage, ghorofa ya kweli, na balcons mbili, moja ya miye kunywa chai, na ingine ya batu kusimama chini yake baniangalie ninakunywa chai. Sikutaka mambo ya maçon wa kukisia na macho, nikatafuta architecte, nikapata Monsieur Tshibangu, mutu wa Kasai, mwenye serikali ilimutuma huku ku bureau ya urbanisme, kisha vita ikakata njia ya Kinshasa na mushahara wake ukabakia kule ngambo. Akanichorea plan ya balcons, tukaanza kuchimba fondation, na mwezi ule ule jirani yangu Gérard akamaliza étage yake, rangi haijakauka, commandant mumoja akafika na jeep, mulinzi wake akasema tu na Lingala, "Tata, pesa clé," ni kusema alete ufunguo, na Gérard akatoa clé, na mupaka leo analala na bibi yake mu jikoni ya inje, na kila asubui anamusalimia commandant ku mulango wenye alijenga yeye, na anaombaka ruhusa ya kwenda ku choo yake.

Mama, nilikimbia kwa Tshibangu na viatu yote potopoto, nikamuambia, "Architecte, pasula ile plan, unichoree nyumba yenye hata mwizi ataionea huruma." Akacheka. Kisha akatosha crayon mu sikio, akasema, "Bon. Batu bote bananiambiaka yenye banapenda. Wewe uniambie yenye unaogopa." Ilituchukua siku mbili kuandika yote, juu miye niko muoga wa daraja ya kwanza.

Sasa sikia kazi yenye yule mutu alifanya. Parcelle yangu iko ku mutelemuko. Kutoka ku barabara unaona kijumba kimoja tu cha udongo, kifupi, kinainama kama mulevi, na mabati ya kutu juu yake. Ile ya kweli iko nyuma, inashuka ku bonde mu kati ya mikaratusi, hauioni hata ukisimama ku vidole: vyumba sita, carreaux, plafond ya mbao chini ya mabati, ngazi ya ndani, mahali pa kuoga na maji ya moto. Ésaïe, maçon wetu, alikataa kujenga ukuta wa mbele, alisema miaka makumi mbili hajajenga kitu cha kuinama, fil à plomb yake, ile kamba ya kupimia ukuta unyooke, itamulaani, nikamubembeleza siku nzima, akaujenga huku anaangalia pembeni. Mabati ya kutu nilienda kuyanunua mbali, kule Beni, ku soko ya Beu, kwenye hakuna mwenye ananijua, na muuzishaji akaniuliza kama kichwa yangu iko muzima, juu nilikuwa ninachagua yenye matundu na ninarudisha yenye haina. Njia ya kuingia ilifanywa nyembamba, jeep haipite. Na ufa! Ku ule ukuta wa mbele kuko na ufa mukubwa unatoka ku dirisha mupaka chini, batu banauangaliaka banashika kifua, na ule ufa uko mu plan, Mama Yolande, Tshibangu aliuchora na règle akaandika pembeni yake: *fissure, 1 m 40*.

Tulijiona na akili, wallahi. Batoto bangu saba tulibafundisha kupanguza miguu bakiingia, na kuichafua tena bakitoka, Jemima, bibi yangu, anawekaka beseni ya potopoto pembeni ya mulango kwa ile kazi. Bageni tunabapokeaka mu chumba cha mbele, kwenye tuliweka kiti ya miguu tatu, na miye ninakaaka pale ninakohoa kidogo. Wakati mama yake Jemima alifika kutoka Lubero, juu anapendaka kusema mambo yote ku soko, tulimulaza mu kile chumba siku ine, mama mukwe mwenyewe, ku mukeka, na miye ninamutakia usingizi muzuri, ninafunga mulango, ninashuka ngazi, ninalala ku matelas ya ressort, godoro ya kurukaruka. Jemima aliniuliza siku ile, "Kambere, ulinijengea ama ulinificha?" Nilienda kupanguza carreaux.

Hata Tshibangu anateseka. Kila yenga, siku ya Mungu, kisha misa, anakuyaka kukaa ku ngazi yake, anapitisha mukono ku mbao, anasema, "Hii njo kazi yangu ya muzuri kuliko zote, na siwezi kuionyesha hata mutu mumoja. Bibi yangu kule Kananga anazani ninakaa bure tu." Ninamupa chai. Tunabakia pale babili, tunaangalia plafond kama bajinga.

Sasa njo matata yenyewe. Shirika letu, zile nyumba za mutaa zenye zinasalaka pamoja, kila mwaka mbele ya mvua kubwa linachagua nyumba moja, tunaifanyia salongo, kazi ya mikono ya batu bote pamoja, na mabati tunayachangia. Moja tu, juu vita imetukausha bote. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Mama Berthe, mujane mwenye alikimbia vita kule upande wa Beni na batoto bane, analala nao chini ya bâche, turubai tu ya plastiki, mu parcelle ya batu. Siku ya mukutano, président wetu, Mwalimu Kasonia, akasimama akasema kama amepita kuangalia nyumba zote, na iko moja yenye imemunyima usingizi, ni ya ndugu yetu Kambere, juu ule ufa siku moja utauwa batoto. Batu bote bakanigeukia. Nilikuwa nimevaa shati ya kutoboka, ile ya kazi. Mbele nifungue kinywa, Mama Berthe akasimama, na ule mudogo wake mu mugongo, akasema, "Bâche ikianguka haiuwake mutu. Ukuta unauwaka. Ba Kambere bapite mbele, miye nitangojea mwaka ule mwingine." Bamama bakapiga vigelegele, bakaanza wimbo. Na wakati ya kusema kweli ilikuwa pale, mama, ilikuwa pale mbele yangu inaningojea, na miye nikasimama nikasema, "Wasingya."

Nilisema wasingya! Asante ya Kinande, kwa mujane wa bâche! Na machozi yakatoka, na yalikuwa ya kweli, sijue yalitoka wapi.

Donc jumamosi banakuya. Banasema batabomoa ule ukuta wa mbele, na nyuma ya kile chumba cha kiti ya miguu tatu kuko salon na fauteuils, viti vya kukalia vya velours zenye bado ziko mu nylon yao. Nikisema kweli, muji wote utajua, na yule commandant wa Gérard iko na barafiki benye bado hawajapata nyumba. Nikinyamaza, ninakula mabati ya mujane. Nimefikiria kugonjwa. Nimefikiria kusema kama tuko na choléra. Nilienda kwa Tshibangu, akashika kichwa na mikono mbili akalia, "Fissure yangu! Batabomoa fissure yangu!", na zaidi ya pale hakunisaidia kitu. Jemima iko na siku tatu hasemi na miye, analeta bugali, anasema, "Enda kwa Berthe," anatoka. Na mvua imeanza mbele ya saa yake, mama. Mu nyumba yangu hatuisikiye, plafond ni muzuri sana. Jana miye nilipanda kusimama mu chumba cha mbele, chini ya ile mabati ya kutu, niisikie. Niko na haya. Nilizani mutu mwenye ninaogopa ni commandant, kumbe ni Berthe.

Unisaidie mbele ya jumamosi.

Maskini wa uongo, Kimemi

*

Kambere,

Nilicheka. Usikasirike, nilicheka mupaka batoto bangu bakakuya kuangalia kama niko muzima. Kisha nikafika pale Berthe anasimama na mutoto mu mugongo, na kicheko ikaniisha.

Acha nikushushe muzigo mumoja wenye si wako. Kuficha nyumba kwa batu ba bunduki si zambi. Tunaficha bote. Machine yangu ya kushona iko chini ya kibanda ya kuku, mwaka wa pili sasa, na kuku zinataga juu yake bila kujua ziko ku atelier. Donc kwa ile ya commandant sikugombeze. Hata ule ufa ninausifu, ni kazi ya fundi.

Mais wewe, mutu muzima, baba ya batoto saba, unasimama mbele ya mujane unasema wasingya! Soda akichukua kitu, bunduki iko mu mukono, tunaiona, tunajua tumeporwa. Wewe umepora na machozi, na bakakuimbia wimbo. Hukuona haya? Uliona, unasema. Basi hiyo haya njo kitu ya maana yenye iko mu barua yako yote, uishike, usiiache ikimbie. Na mama mukwe! Siku ine ku mukeka! Hiyo utaipeleka kwa padri ku maungamo, na ninamuombea padri nguvu.

Unaniambia uko na njia mbili tu, kusema yote ama kunyamaza. Nani alikuambia ni mbili? Batu ba shirika hawakuulize rangi ya carreaux. Banazani ukuta utaangukia batoto, ni hiyo tu yenye banaogopa, na ni hiyo yenye utabajibu. Ukipata karatasi hii, enda kwa Mwalimu Kasonia, peke yako, na usivae ile shati. Muambie, "Mwalimu, ule ufa niliuonyesha architecte. Anasema hautembei. Batoto bangu hawana hatari, zamu si yangu." Kila neno ni kweli. Architecte aliuona, aliuona mbele ya sisi bote. Akikuuliza sababu gani ulinyamaza mu mukutano, muambie ulipenda kuhurumiwa. Itakuchoma. Acha ichome, haya haijauwa mutu hapa kwetu, iko vitu vingine vyenye vinatuuwa.

Kisha unitumie yule Tshibangu wako ku kazi. Muambie aache kulilia fissure. Iko mwanamuke hapa mwenye hana ukuta hata wa kuinama. Abebe règle na crayon, aende kukaa chini na Berthe, amuulize analala vipi, anapika wapi, batoto banaogopa nini mvua ikipiga. Amuchoree vyumba mbili na jiko yenye moshi inatoka. Kidogo, lakini ni nyumba yenye ataweza kuionyesha batu muchana, na njia ikifunguka atamutumia bibi yake picha. Ésaïe naye umuite, umuombe musamaha, umupe ukuta wa kunyooka. Na ile ciment yenye ilibakia kwako, usiniambie hakuna, mutu mwenye ananunua ciment mbele ya vita anabakizaka, hiyo ifike kwa Berthe jumamosi asubui ku mabega yako mwenyewe. Bakiuliza imetoka wapi, sema kwa shemeji. Imetoka kwa shemeji.

Sijamaliza. Jumamosi ni mbali, na nyumba haijengwe siku moja, na mvua imeanza. Mupaka ile mabati ipande, Berthe na batoto balale kwako. Na hapana mu chumba cha kiti ya miguu tatu, nimeisha kukujua. Ndani, Kambere. Ku carreaux, chini ya ile plafond yenye haisikiye mvua, na hizo fauteuils uzitoshe mu nylon batu bakalie, ziliumbwa kwa matako, hapana kwa macho.

Ninasikia unapiga kelele kule kwako, eti atasema. Berthe alipitisha batoto bane mu kati ya vita, ku miguu, mupaka Butembo, na bote bako bazima. Unazani alifika na kinywa wazi? Iko na mambo mu roho yenye hajaambia mutu, na yako itaenda kukaa pale pamoja na zingine. Ukimufungulia mulango, utakuwa na mutu mumoja zaidi mwenye anachunga nyumba yako. Inawezekana ninakosea, siku moja jambo litatoka kwa njia ingine na commandant atafika na jeep. Siwezi kukuapia. Siku ile utalia kama Gérard, na tutalia na wewe. Lakini utakuwa mutu mwenye aliporwa, hapana mwenye alipora.

Jemima ataanza tena kusema na wewe. Usimuulize sababu.

Sasa kunja karatasi, vaa viatu. Ukifika ku bâche, hapana kutoa hotuba, unapenda maneno sana, barua yako ilikuwa kurasa kumi na moja. Muambie tu, "Mama Berthe, zamu yenye ulinipa nimeirudisha, na leo munalala kwetu." Akicheka, umuache acheke. Akikutukana, uitike. Akianza kulia, hapana kulia naye, ya kwako ulishalia mu mukutano. Mupokee ule mutoto wa mu mugongo, umubebe wewe, na utangulie mbele kubafungulia.

Mama Yolande